Ngozi Haipigwi Msasa

Karakana yetu iko nyuma ya duka la vioo, na ukiingia unaweza kufumba macho ukajua nani yuko wapi. Anayegonga ni fundi wa vitanda. Anayelalamika ni mimi, fundi wa makochi, ambaye humu ndani naitwa Mama Sponji, na sijui kama ni kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya umbo. Na ile sauti ya shaa, shaa, shaa kwenye kona ya dirisha, isiyopanda wala kushuka tangu asubuhi, ni Msasa.

Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara moja tu, siku ya msiba, nikageuka kutafuta ni nani anayeitwa. Kazi yake ni kumalizia. Sisi wengine tunapiga misumari, tunapaka gundi, tunajisifu. Kisha kitu kinapelekwa kwake, naye anafumba macho, anapitisha kiganja juu yake taratibu kama anayemtafuta mtu gizani, halafu anasema, "Bado." Hakuna neno linaloudhi kama hilo saa ya kufunga kazi. Lakini hajawahi kukosea. Kitu chenye mikwaruzo mteja hukirudisha, na kilichopita mikononi mwa Msasa hakijawahi kurudishwa.

Ana mtindo wake. Mbao akishailainisha, anaipangusa kwa kitambaa kibichi makusudi. Maji yanaziamsha nyuzi za mbao, zinasimama, na pale palipokuwa laini panaota vipele. Anaiacha ikauke, anapiga msasa tena. Analowesha tena. Anapiga tena. "Mpaka zichoke kuinuka," husema. Fundi wa vitanda hana subira hiyo, na mimi ndiyo kabisa. Msasa anayo, na nitaeleza ilimfikisha wapi.

Mkewe alifariki mwaka uliopita. Aliumwa kidogo, akalazwa, akafa, basi. Ndivyo Msasa anavyoeleza mwenyewe akiulizwa, kwa maneno hayo hayo, halafu anarudi kwenye kazi yake. Msibani alipokea pole zetu kama mtu anayepewa kikombe cha maji wakati hana kiu: asante, asante, asante. Aliporudi karakana alitusalimu, akauliza kama gundi imefika, akafunga aproni. Tukicheka, alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo. Tukimwekea chakula, alikula mpaka kikaisha na hakujua alichokula. Miezi ilipita hivyo. Nilimtazama nikaona si kwamba hana uchungu. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mguu wa namna hiyo hata ukikanyaga msumari hausikii.

Aliyebaki naye ni binti yao wa darasa la pili. Akitoka shule huja karakana, hupanda kwenye kiti chochote kilichokamilika, hukunja nne na kuanza kutuamrisha, ndiyo maana tunamwita Bosi.

"Mama Sponji, hilo kochi limepinda."

"Yamepinda macho yako, Bosi."

"Shusha sauti, uko kazini."

Raha yangu ya mchana ilikuwa hiyo, sikatai. Kisha amri zikaanza kupungua, na Bosi akaanza kuvaa sweta. Karakana yetu ina bati juu na harufu ya vanishi chini, sisi sote tumelowa migongo, yeye kafunga vifungo mpaka shingoni. Nikimuuliza, anasema anasikia baridi. Akiwa anasema hivyo, jasho linamtiririka puani.

Siku moja gundi ilimwagikia mkono wa sweta, nikauvuta haraka kabla gundi haijaganda. Alijikunja kama niliyemvua nguo mbele ya watu. Hapo nikaona. Upande wa nje wa mikono, kuanzia begani mpaka karibu na kiwiko, vijipele vidogo vidogo vigumu vimejipanga, kila kimoja peke yake, na ngozi katikati yake imepauka na kukauka. Havikuwa vidonda, wala havikuwa na usaha. Alikuwa navyo mapajani pia.

"Vinakuwasha?"

"Kidogo." Akaangalia chini. "Shuleni wananiita Kuku. Kuku aliyenyonyolewa. Hawataki kukaa na mimi, wanasema nitawaambukiza."

Nilimwita baba yake. Msasa akaja anajipangusa mikono, akaona ina vanishi, hakumshika mtoto kwa viganja. Alimgeuza kwa kumshika kiwiko na ncha za vidole, akauinamia ule mkono upande wa mwanga wa dirisha, kama anavyokagua ubao. Akakaa hivyo kitambo.

"Nyuzi zimeinuka," akasema.

Nikacheka, nikidhani ametania, maana ingekuwa mara ya kwanza mwaka mzima. Hakuwa ametania.

Kuanzia jioni hiyo alianza kumsugua. Maji ya moto kadiri mtoto awezavyo kuvumilia, sabuni kali ya kuua vijidudu, na dodoki kavu, lile gumu. Anamwogesha, anamwacha akauke, anamsugua, anamwogesha tena. Haya aliniambia Bosi mwenyewe, bila kulalamika, maana katika kunyamaza wamefanana. Msasa hakuwa katili. Alifanya kwa upole na kwa mpangilio kila jioni, na akimaliza anautazama mkono kwenye taa, anamwambia mtoto neno lile lile analotuambia sisi.

"Bado."

Ngozi ikawa nyekundu, ikaanza kupasuka, na vipele vikazidi. Nikamwambia, "Kaka, unamchuna mtoto."

"Zitachoka, dada."

"Hizo si nyuzi!"

Akanitazama kwa adabu, akaendelea na droo aliyokuwa nayo. Unaweza kumpigia kelele mtu wa namna hiyo mpaka ukauke koo. Ni kama kugombana na ukuta, tena ukuta unaokupa shikamoo.

Wiki hizo ndipo alipokuja mama mkubwa wa Bosi, dada wa marehemu mama yake. Ni mpishi katika shule ya bweni mji mwingine, mwanamke mkubwa wa sauti na mwili, kavaa gauni la mikono mirefu lililofungwa vifungo mkononi. Alimkuta mtoto kakaa juu ya kochi langu lisilo na kitambaa bado, nywele hazijasukwa, kimya, na sweta yake ile ile ambayo hata alipobembelezwa hakutaka kuivua. Alimtazama, kisha akamtazama baba yake.

"Shemeji, huyu mtoto hana mtu."

Msasa aliendelea kupangusa mguu wa meza.

"Sikulaumu. Lakini mdogo wangu hakumwacha awe hivi. Shule zikifungwa nitakuja nimchukue akakae kwangu, asome huko."

"Sawa," akasema Msasa.

"Sawa tu?"

"Sawa, shemeji."

Alisema kama anayeambiwa mvua itanyesha. Mimi nilijichoma sindano ya kochi kidoleni, na nilichotamka hakiandikiki. Mama mkubwa alijifuta machozi kwa mtandio, maana si mtu mbaya, nadhani alikuja akitaka abishiwe. Bosi alikuwa amekaa pale pale na miguu yake ikining'inia. Alisikia yote.

Siku chache baadaye nilikwenda nyuma ya rundo la mbao kutafuta vipande vya sponji. Nikasikia shaa, shaa, nyembamba. Nikajua ni Msasa, mpaka nilipokumbuka kwamba Msasa nimempita mlangoni.

Bosi alikuwa amechuchumaa kwenye unga wa mbao, kakunja mkono wa sweta mpaka begani. Kando yake kulikuwa na kopo la maji na kitambaa kibichi. Kipande cha msasa amekizungushia kigingi kidogo cha mbao, kama alivyofundishwa na baba yake, na alikuwa anajisugua nacho mkono kutoka juu kwenda chini, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, kazi safi kabisa. Matone madogo ya damu yalikuwa yanatokeza kwenye vile vipele.

"Unafanya nini wewe?"

"Namalizia."

Nikampokonya. Ndipo akalia, kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie.

"Mama Sponji, usimwambie. Nikilainika mama mkubwa hatanichukua. Baba alisema sawa kwa sababu nina mikwaruzo. Kitu chenye mikwaruzo kinarudishwa."

Nina mdomo, kila mtu anajua. Siku hiyo nilianza na mikono. Nilimshika yule mtoto mkono wake mzima, nikampeleka mpaka mbele ya baba yake, nikamwonyesha mkono, nikamwekea ule msasa mezani, nikamrudishia maneno ya mtoto kama yalivyo. Msasa aliuchukua. Akaugeuza nyuma, akasoma namba yake.

"Umechagua laini," akasema.

"Ndiyo, baba. Ile ya mwisho."

Kisha akakaa chini, sakafuni, juu ya unga wa mbao, na ule msasa mkononi. Sikuona chozi. Uso wake ulikuwa ule ule. Ila hakuweza kusimama, ikabidi fundi wa vitanda amwinue kwapani, ndipo nikasema tunakwenda zahanati sote, sasa hivi.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, miwani kaifunga kamba shingoni. Aliuosha mkono ule taratibu huku nikimweleza kwamba shuleni wanamkimbia, akauliza bila kuinua kichwa, "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," wakasema baba na mtoto kwa pamoja.

Akavaa miwani, akawatazama wote wawili. "Baba, unafanya kazi gani?"

"Namalizia samani."

"Basi nisikilize vizuri, kwa sababu huyu si kabati." Akaushika ule mkono mwingine, usio na vidonda. "Hivi vipele si uchafu, na haviambukizi. Wanaomkimbia darasani wamkimbie kwa mengine. Ni ngozi kavu inayoziba vitundu vya vinyweleo, kila kitundu kinafanya kipele chake. Ukikisugua, ngozi inakasirika, inazidi. Dodoki tupa. Maji ya moto acha, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, na asikae humo muda mrefu. Sabuni isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimfute kama meza. Na kabla ngozi haijakauka kabisa, hapo hapo, mpake mafuta ya mgando, yale mazito. Kila siku. Na hii sweta mvueni, mumvalishe pamba."

"Mama alikuwa ananipaka," akasema Bosi. "Nikitoka kuoga. Baba alikuwa ameshakwenda kazini."

Msasa akageuka kumtazama, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Itaisha lini?" akauliza.

"Huenda ikapungua akikua. Huenda isiishe. Hii haina kumalizia, baba, ni kutunza tu. Kuna krimu za kulainisha ngozi ngumu, lakini si sasa. Vidonda vipone kwanza, halafu mje nimtazame." Akaandika kitu kwenye kadi. "Mara nyingi inatoka kwenye ukoo. Kwenu kuna mwenye ngozi kama hii?"

"Hakuna."

"Na kwa mama yake?"

"Mama yake amefariki."

"Pole sana. Yeye alikuwa nayo?"

Msasa akafikiri. Alifikiri muda mrefu mpaka mtu aliyekuwa nje ya mlango akakohoa.

"Sijui," akasema.

Baada ya hapo alifanya yote aliyoambiwa, na hakukosea hata moja, maana kufuata utaratibu ndiyo kazi yake. Kopo la mafuta ya mgando aliliweka kwenye rafu yake, kando ya vanishi. Bosi akitoka shule ananawa vumbi bombani, baba yake anamkausha kwa kumgusagusa, kisha anampaka. Lakini anampaka kwa kitambaa. Anachovya ncha ya kitambaa laini cha pamba kwenye mafuta, anakipitisha juu ya mkono kwa mkupuo mmoja, kama anapaka vanishi tabaka la kwanza.

"Kwa nini usitumie mkono?" nikamuuliza.

Akanionyesha viganja vyake. Vimekuwa vigumu kama soli, vimepasuka kwa spiriti na vumbi. "Nitamkwaruza."

Vidonda vikapona. Wekundu ukaondoka, ngozi ikarudisha rangi yake, vipele vikalegea ingawa havikuondoka. Bosi akaanza tena kukaa bila sweta, kwetu tu. Lakini ile "sawa" ilibaki pale pale alipoiweka baba yake. Kila siku nilimkumbusha.

"Mwambie shemeji yako umebadili mawazo."

"Kwake atasukwa nywele."

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

Aliuliza kweli. Hakuwa anaringa wala anajificha. Alitaka kujua mimi namuulizia nini. Nikarudi kwenye kochi langu nikalipigilia pini kwa hasira, na bado mpaka leo linamchoma mteja.

Shule zikafungwa. Mama mkubwa akafika mchana na begi jipya, tupu, la kutilia nguo za mtoto. Bosi alikuwa ameshika daftari lake juu ya kiti cha kulia chakula, kavaa gauni la mikono mifupi. Alipomwona akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye msumari ilipotundikwa sweta.

"Njoo hapa kwanza," akasema mama mkubwa, na akamshika mkono kabla hajauingiza. Akaugeuza. Makovu yalikuwa yanaonekana, mistari midogo myeupe iliyoshuka sawasawa. "Hii ni nini?"

Baba aliangalia kopo, mtoto aliangalia sweta, kwa hiyo nikasema mimi. Nilisema yote: dodoki, maji ya moto, kopo, kitambaa kibichi, kigingi. Nikasema na lile la kurudishwa. Nilitarajia Msasa apigwe kofi, nikasogeza hata mkasi wangu mezani ili papatikane nafasi.

Mama mkubwa hakumpiga. Alifungua kifungo cha mkono wa gauni lake, akaanza kuukunja, pole pole, mpaka begani. Ulikuwa mkono mnene wa mwanamke anayenyanyua masufuria, na juu yake wote, kutoka begani mpaka karibu na kiwiko, vilikuwepo vile vijipele.

"Hivi ni vyetu," akasema, akimwambia mtoto. "Bibi yako alikuwa navyo. Mimi ninavyo. Na mama yako alikuwa navyo, kama hivi hivi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunapakana mafuta, mimi nampaka, naye ananipaka." Kisha akamgeukia Msasa. "Hukuwahi kuona, shemeji?"

"Alikuwa anavaa mikono mirefu," akasema Msasa. "Hata ndani."

"Alikuwa anaona aibu. Mpaka kwako?" Akatikisa kichwa. Macho yake yakaangukia rafu, kwenye kopo na kile kitambaa. "Na hicho cha nini?"

"Nampakia."

"Mtoto anapakwa kwa mkono."

"Mikono yangu itamkwaruza."

"Nawa, umpake."

Alikwenda bombani. Alinawa kwa sabuni muda mrefu, kila kidole peke yake, akarudi, akachota mafuta, akayasugua katikati ya viganja mpaka yakapata joto. Kisha akaweka kiganja begani kwa mtoto. Na kwa kuwa hajui namna nyingine ya kugusa kitu, akafumba macho.

Mkono ulishuka kidogo, ukasimama.

Fundi wa vitanda aliacha kugonga. Nilimwona Bosi amebana pumzi, anasubiri neno lile, na mimi nikajikuta nalisubiri pamoja naye. Msasa hakulisema. Kiganja kikarudi juu, kikashuka tena pale pale, polepole zaidi.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Hapa. Taa ikizimwa, nilikuwa nalala mkono wangu uko hapa."

Halafu akalia. Kilikuwa kile kilio tulichokisubiri tangu msiba, na hakikuwa kizuri kutazama: kamasi, mabega, sauti isiyojua pa kupitia. Fundi wa vitanda alijifanya anatafuta msumari chini ya meza, na aliutafuta muda mrefu. Mimi nililia wazi, sina cha kuficha. Msasa hakuuachia mkono wa mtoto hata mara moja.

"Shemeji," akasema alipoweza. "Nilisema sawa. Si sawa. Simtoi. Huyu hatoki kwangu."

Mama mkubwa alikuwa anauteremsha mkono wa gauni lake, akaacha katikati, kisha akaukunja tena ukabaki juu. Akalisukuma begi kwa mguu chini ya kiti.

"Basi leo nitalala," akasema. "Angalau nimsuke nywele."

Msasa akaitikia kwa kichwa, macho bado ameyafumba, kiganja bado kipo pale pale juu ya vile vipele, kimetulia. Bosi alimvumilia kadiri alivyoweza. Mwisho akamtazama usoni kwa karibu, akamgongagonga kifuani kwa kidole, kama anavyotufanyia tukizembea kazini.

"Baba," akasema, "mkono mwingine bado."